Kisima cha Nahodha wa Iskandar

Zilikuwa zimebaki siku sita Mwalimu Mahfoudh aende Makka, na kwa hisabu yake mwenyewe alikuwa ameshamaliza watu wa kuwataka radhi. Alianza na majirani zake wa Mawaleh, mlango kwa mlango, akaenda kwa mashemeji zake wa Darsait, akampigia simu mtu waliyegombana naye juu ya mahali pa kuweka gari mwaka 1998, na mtu mwenyewe hakumkumbuka. Alimwendea hata muuza mboga mmoja Mbangladeshi aliyezoeana naye tangu soko kuu likiwa hapo hapo Mawaleh, akamwomba msamaha kwa miaka yote ya kuminyaminya nyanya na kuziacha. Yule maskini aliingiwa na hofu, akadhani mwalimu anakufa, akamfungia mfuko wa ndimu.

Anayekwenda hija hubeba shuka mbili nyeupe na roho isiyoshika haki ya mtu. Ndivyo Mahfoudh na mkewe Mahbuba walivyolelewa Unguja, na ndivyo walivyowakuta watu wa Omani walipokuja. Jawabu nayo ina desturi yake. Anayeombwa haulizi amekosewa nini. Hujamaliza kusema nisamehe, yeye ameshadakia: nimekusamehe dunia na akhera, na wewe ukifika niombee. Kuuliza ni kosa gani ni uhaba wa adabu, kama kwenda nyumba ya watu ukafunua sufuria.

Jumapili ile jioni alikuwa amekaa sebuleni, Mahbuba akimkunjia shuka zake za ihramu, simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Jaifar, mwanafunzi wake wa zamani, mtu mzima sasa wa miaka hamsini na tisa, aliyestaafu kazi ya uhandisi wa maji. Jaifar alikuwa ameitengeneza nyumba ya udongo ya babu yake huko Sib, akaifanya nyumba ya kumbukumbu ya mtaa, na Alkhamisi angeifungua kwa watu. Aliambatisha picha ya kibao cha shaba kilichokwisha kukazwa ukutani kando ya kisima cha nyumba ile. Alisema anataka Ustadh wake awe wa kwanza kukiona, na siku yenyewe awe mgeni wa heshima.

Mahfoudh alivaa miwani akasoma. Kibao kilisema: Kisima cha Wayunani. Hapa ndipo nahodha wa Iskandar wa Makedonia aliposhuka kutafuta maji, akakirimiwa na watu wa Sib, akaondoka kwa amani. Maji yake ni matamu hadi leo. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo: kama alivyosimulia Ustadh Mahfoudh, mwalimu wa tarehe.

Aliisoma mara ya pili, kisha akaiweka simu kifudifudi juu ya meza. Mahbuba alimuuliza kuna nini, akajibu hakuna, na Mahbuba akaendelea kukunja shuka huku macho hayamtoki. Maana kila neno la kile kibao, tangu nahodha mpaka amani, Mahfoudh alilitunga mwenyewe asubuhi moja ya mwaka 1976, na haikumchukua hata dakika kumi.

Hakuwa mwongo kwa tabia, hilo lazima lisemwe mapema. Alifika Maskati mwaka 1973, kijana wa miaka ishirini na mbili, na sanduku moja, cheti cha shule ya Unguja na Kiarabu cha msikitini. Nchi ilikuwa inafungua shule mpya kila uchao na walimu hawatoshi, na mtu aliyeonekana na kalamu mfukoni alishikwa mkono. Akapelekwa Sib, shule ya wavulana, kusomesha tarehe, yaani historia. Wavulana walikuwa wakali kama siafu. Walimcheka Kiarabu chake, wakamcheka mwendo wake, na kila alipogeuka kuandika ubaoni kokwa za tende zilimtua shingoni. Hasira zikimpanda alikuwa akipiga kelele kwa lugha ya kwao: Kimya! Mara ya kwanza walinyamaza kwa mshangao. Mara ya pili walilifanya wimbo. Mwalimu wetu alikuwa akirudi chumbani kwake analia, mwanamme mzima, na hakuona haya kumhadithia hayo Mahbuba walipokuja kuoana.

Siku ya somo la Iskandar kitabu kilikuwa na nusu ukurasa tu. Kijana wa Makedonia, nchi ya milima kaskazini ya Uyunani, amerithi jeshi la baba yake, amevuka bahari, ameuangusha ufalme wa Fursi, amefika Misri, amefika Bara Hindi, na kila apitapo anajenga mji, anaupa jina lake na kuwaacha humo watu wake na lugha yao. Basi. Wavulana wakaanza kupiga miayo, na kokwa ya kwanza ikatua. Mahfoudh akatupa jicho nje ya dirisha. Shule ilipakana na shamba la Mzee Murshid, na kisima cha Mzee Murshid kilikuwa pale mbele, ng'ombe akivuta kamba na ndoo ya ngozi ikipanda. Maneno yakamtoka kabla hajajua anasema nini.

"Na mnajua watu wake walikunywa maji wapi? Pale."

Darasa likanyamaza, na safari hii hakuhitaji kupiga kelele. Akaendelea, maana sasa angerudi vipi nyuma? Akasema nahodha wa Iskandar alifika pwani ya Sib na jahazi nzima ina kiu, akashuka na panga lake, akamkuta bwana mmoja anateka maji. Yule bwana hakumuuliza katoka wapi wala kaja kutaka nini. Akampa maji, akampa tende, akamkalisha kivulini. Nahodha akaona haya. Akarudi kwa Iskandar akamwambia nchi ile haipigiki, watu wake wanamkaribisha adui kabla hajatangaza uadui. Ndipo Iskandar akaiacha Omani.

Wavulana walitoka darasani wakakimbilia kisimani. Siku ya pili walimsalimia njiani, wakamwita Ustadh, na kokwa zikakoma. Mjukuu wa Mzee Murshid, kitoto chenye kigugumizi kilichokuwa kikikaa nyuma kabisa, kilihamia benchi la mbele. Huyo ndiye Jaifar. Mahfoudh alipanga kuwasahihisha wiki ile ile, kisha ijayo, kisha muhula ujao. Akaisimulia hadithi ile miaka ishirini na minane. Na hadithi haikai bure: mwaka wa tano nahodha alipata ndevu nyekundu, mwaka wa kumi aliangusha pete yake kisimani, na mwalimu mkuu akalazimika kuweka mlinzi kwa sababu wavulana walikuwa wakijishusha kwa kamba kuitafuta.

Ukweli ni kwamba aliipenda mwenyewe kuliko wao. Mgeni amefika ana kiu na amepewa maji bila ya kuulizwa katoka wapi. Nani katika Sib nzima aliyeitaka hadithi hiyo iwe kweli zaidi ya yule kijana wa Unguja aliyesimama mbele ya ubao?

Jumapili ile, baada ya Isha, alimfungulia Mahbuba kila kitu. Mahbuba alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akamwona mumewe hacheki, akanyamaza, akasema kesho waende Sib.

Jumatatu asubuhi wakenda. Mahbuba alibaki garini, kiyoyozi kikivuma, na Mahfoudh akaingia uani. Jaifar alimpokea kwa mikono miwili, akambusu kichwa, akamkalisha chini ya dari ya makuti, akamtilia kahawa mwenyewe. Kibao kiling'aa ukutani. Mashamba yote ya pale yalikuwa yamekwisha kuwa majumba ya ghorofa na visima vyote vimefukiwa, kimebaki hiki kimoja. Mahfoudh aliitikisa finjani kuonyesha kahawa imemtosha, akakohoa, akasema amekuja kutaka radhi.

Jaifar hakumwacha afike mbali. Alimshika mkono, akamwambia kwa Kiarabu chao cha siku zote kwamba amemsamehe dunia na akhera, tena ni yeye mwanafunzi anayepaswa kuomba, na akifika Arafa amwombee marehemu baba yake. Akamtilia finjani nyingine. Akaanza kumwonyesha mahali watakapokaa wageni.

Mahfoudh alitoka pale mwepesi kama mtu aliyeamka kutoka kwenye homa. Alikuwa amesamehewa. Neno limetamkwa, mbele ya Mungu, kwa ulimi wa mwenye haki. Aliingia garini akafunga mkanda.

"Ushamwambia?" Mahbuba akauliza.

"Kanisamehe."

"Nnajua kakusamehe, hata yule muuza nyanya kakusamehe. Mie nnakuuliza, Baba Nawar, kakusamehe nini?"

Mahfoudh alitazama mbele, kwenye ukuta wa jirani. Alifikiri kumjibu kwamba desturi ndiyo hiyo, kwamba haulizwi mtu wala hasemi, na kwamba wanazuoni wana kauli katika jambo hili. Mahbuba naye alizima gari, akatoa tasbihi yake kwenye mkoba, akajikalisha vizuri kwenye kiti. Mahfoudh akafungua mkanda akarudi ndani.

Alisema yote amesimama. Aliogopa kwamba akikaa ataletewa kahawa na ulimi utalainika. Alisema nahodha hakuwepo, hakushuka mtu Sib, hakuna kitabu kinachosema hivyo na hakuna mzee aliyemhadithia. Hadithi aliibuni kwa sababu alikuwa kijana, anaogopa, na wanamtupia kokwa. Alisema pete pia ni yake.

Jaifar alisikiliza akiwa ameshika birika. Aliliweka chini polepole. Kigugumizi chake, kilichomwacha tangu ujana, kilimrudia kwa maneno mawili matatu ya mwanzo. Alisema baba yake aliuza shamba lote kipande kwa kipande, na kila mnunuzi alikitaka na kisima, na baba yake alikataa. Alipokuwa hospitali, siku za mwisho, aliusia jambo moja tu la dunia: kisima cha Wayunani kisifukiwe. Binti zake Jaifar walikuwa wamekichora kisima kile shuleni. Alisema hayo bila ya kupandisha sauti, na Mahfoudh alitamani angeipandisha.

Mwisho akasema, "Nilikusamehe nisichokijua, Ustadh. Hiki sasa nakijua. Niache kwanza."

Njiani Mahbuba aliendesha yeye. Hakusema ulifanya vizuri, wala hakusema pole, na Mahfoudh alimshukuru kwa hilo.

Jumanne hakukuja ujumbe. Mahfoudh alimwandikia Jaifar maneno manne, akaona alama zimegeuka buluu, na jawabu hakuna. Jumatano asubuhi aliamka na joto la mwili. Ilikuwa homa ndogo, kidonge kimoja tu kingeitosha, lakini alijua mambo mengi mno kulala nayo kwa utulivu. Maana alipostaafu, kwa aibu zaidi kuliko kwa ilimu, alinunua kila kitabu kilichomzungumza Iskandar, na rafu nzima ya sebuleni ilikuwa yake. Mahbuba aliiita rafu ya mke mwenza.

Humo ndimo alimojua kwamba ukweli ulikuwa umekaa karibu yao siku zote. Iskandar kweli aliitaka Bara Arabu. Alipotoka Bara Hindi alikaa Babeli, akaamuru bandari ichimbwe ya majahazi elfu, akatuma manahodha watatu mmoja baada ya mwengine waizunguke pwani. Alisikia Waarabu wana miungu wawili tu, naye akaona atafaa kuwa wa tatu. Tarehe ya kung'oa nanga ilikuwa imeshapangwa, watu wameshapangwa majahazini. Ikamshika homa, mwezi wa sita, joto limepamba moto, na kila siku akilala anawaambia maamiri wake safari iko pale pale. Alikufa hajatimiza miaka thelathini na tatu, na safari ikafa pamoja naye.

Mwalimu wetu aliyalalia hayo Jumatano nzima, mkono kwenye paji la uso. Safari imepangwa, siku zimehisabiwa, homa imeingia. Alimwambia Mahbuba kwamba akifa kabla ya Jumamosi amwendee Jaifar kwa niaba yake. Mahbuba alimpa panado na supu, akamwambia Iskandar alikosa mke wa kumpikia supu, na alale.

Alkhamisi asubuhi homa ilikuwa imekwenda, na jawabu bado. Mahfoudh alikaa kitandani na soksi moja mguuni. Alimwambia mkewe hakukaribishwa tena. Mahbuba alisema hakuna aliyemfukuza pia, na kwamba mtu aliyekwenda shuleni kila siku kwa wavulana wa kokwa za tende hawezi kushindwa na ua moja la Sib. Akamtolea kanzu iliyopigwa pasi na kofia yake ya nakshi za buluu.

Ua lilikuwa limejaa. Wanawake wamekaa upande wa chumba kilichokuwa cha bibi yake Jaifar, na huku nje watu wazima, ndevu nyeupe, wengi wao wanafunzi wake: mmoja alikuwa meja mstaafu, mmoja ana duka la vipuri, mwengine, Yaqdhan, mnene wa kupindukia sasa, alikuwa zamani mwembamba na wa kwanza kushuka kisimani. Walimpa mikono na kumbusu mabega. Mahfoudh alitazama ukutani. Kibao hakikuwepo. Palikuwa na matundu manne ya skrubu, na chini yake chokaa kidogo imemwagika.

Hakujua afurahi au alie. Alisogea kando, karibu na mlango, mahali pa mtu atakayetoka mapema.

Jaifar alisimama mbele ya kisima kuwakaribisha watu, lakini watu wenyewe walikuwa wanazungumza, wanaulizana hali, wanacheka. Alipaza sauti mara mbili, hawakumsikia. Ndipo akatazama upande wa mlango, akamwona mwalimu wake, akavuta pumzi.

"Kimya!"

Ua zima likanyamaza, wazee wa miaka sitini kwa mara moja, kisha kicheko kikazuka na kikafa. Jaifar alisema palikuwa na kibao hapa na amekiondoa, na Ustadh ndiye atakayesema kwa nini. Akasogea, akamwachia nafasi mbele ya kisima.

Mahfoudh alikwenda. Alisema kwa Kiarabu chake, ambacho miaka hamsini imekinyoosha na haikukimaliza, kwamba aliwadanganya. Akawaambia lini, na wapi alipokuwa amesimama, na kwa nini. Hakujipunguzia kitu. Watu walitazamana. Meja mstaafu alivuta ndevu.

Kisha akawapa somo alilotakiwa awape siku ile. Aliwaambia jahazi za Iskandar zikirudi kutoka Bara Hindi ziliiona Rasi ya Musandam kwa mbali, ng'ambo ya mlango wa bahari, na mmoja wa wakubwa wao akataka wavuke, na amiri wao, jina lake Nearko, akakataa. Aliwaambia juu ya Hieroni, aliyeamriwa aizunguke Bara Arabu yote, akaenda mbali kuliko wenzake, akaogopa ukubwa wake, akarudi kumwambia bwana wake kwamba nchi hii inakaribia ukubwa wa Bara Hindi. Aliwaambia juu ya majahazi elfu na homa ya Babeli. "Mababu zenu hawakumfukuza kwa upanga wala kwa tende," alisema. "Walikuwa wanateka maji. Hawakujua hata kama kuna mtu huko amewapangia siku. Hatari ilipita juu yao namna hiyo, na asubuhi yake wakateka tena."

Akaendelea, maana sasa darasa lilikuwa lake. Aliwaambia alichoshindwa kukileta Iskandar kwa jeshi kilikuja baadaye kwa miguu yake, na wafanyabiashara na mafundi: sarafu zenye sura ya Kiyunani zilipigwa huku huku upande wetu wa Bara Arabu, na watu walioandika juu yake majina yao wenyewe, Wayunani walijenga hekalu kisiwani Failaka, karibu na Kuwait, na mbali kule, Afghanistani ya leo, askari wazee wa Makedonia walioachwa na jeshi walioa, wakajenga uwanja wa mazoezi na ukumbi wa michezo kama wa kwao, na wakawasomesha watoto wao maandishi ya nchi ambayo watoto hawakuiona. Upande wa wanawake alimwona Mahbuba, aliyewasomesha watoto wake wanne kusema shikamoo katika nyumba ya Mawaleh, amekaza macho chini.

Alipomaliza palikuwa kimya, na safari hii hakukiamrisha mtu. Alimtafuta Jaifar kwa macho, hakumwona. Aliyesema wa kwanza ni Yaqdhan.

"Na pete, Ustadh? Nilikaribia kufa kwa ile pete."

Mahfoudh alimwambia amsamehe na kwa pete pia. Yaqdhan alisema hamsamehi, kwani baba yake alimpiga kwa kiatu, kisha akaangua kicheko chake kikubwa, na ua lote likacheka naye. Watu walianza kumzunguka, mmoja akikumbusha ndevu nyekundu, mwengine akikiri kwamba ni yeye aliyekuwa na shabaha nzuri kuliko wote ya kokwa. Mahfoudh alihisi kifua kinafunguka kifungo kimoja baada ya kingine. Lakini alikuwa bado anatazama juu ya mabega yao, anamtafuta mmoja.

Jaifar alikuwa kisimani. Amevua joho lake, amekunja mikono ya kanzu, anavuta kamba mwenyewe. Ndoo ilipofika juu alichota bakuli moja ya shaba, akaja nayo polepole isimwagike, na watu wakampisha.

"Nimekusamehe, Ustadh," alisema. "Mara hii najua nini." Kigugumizi kikampitia, akakivumilia. "Na kisima sikifukii. Babu alikichimba, inatosha. Na wewe nisamehe mimi."

Mdomo wa Mahfoudh ulikuwa umeshafunguka, maneno ya dunia na akhera yako kwenye ncha ya ulimi, kama desturi. Alimwona Mahbuba amesimama sasa mlangoni mwa chumba cha bibi, anamtazama. Akaufunga mdomo. Kisha akauliza jambo ambalo mtu mwenye adabu haulizi.

"Nini?"

Jaifar alimpa bakuli. Mahfoudh aliipokea kwa mikono miwili akapiga funda kubwa, na uso wote ukamkunjamana. Yalikuwa chumvi tupu, maji ya bahari kasoro samaki.

"Tangu mwaka themanini na nne," Jaifar akasema, macho chini. "Bahari imeingia kwa chini, pwani yote hii. Nimeyapima mwenyewe, ndiyo kazi niliyosomea. Baba alitukataza kusema, kwa ajili ya nahodha. Na mimi nikaandika juu ya shaba kwamba ni matamu."

Mahfoudh alilimeza funda lililobaki, kwa shida. Alimtazama mwanafunzi wake wa benchi la mbele, ndevu zake nyeupe na mikono yake iliyolowa, akacheka, akalia, vyote viwili kwa pamoja mbele ya watu.

"Nimekusamehe," akasema. "Dunia na akhera. Sasa nipatie maji ya kunywa."